Mbwa Siwapi

Jumatatu, 3 Juni

Soksi ya pili imechanika. Niliijaza sufi, nikaifunga manyoya ya kanga kwa uzi, nikaitupa nyuma ya choo kama kila asubuhi kabla ya kwenda biro, ofisini kwangu. Waseme, mbwa wangu, akaifuata, akaiokota vizuri, akarudi nayo hadi katikati ya lupango, uwanja wetu. Hapo akalala chini akaipasua. Sufi kila mahali. Mama akasema sasa tunalima pamba mlangoni.

Meno magumu. Miguu anayo, pua anayo, maji hayaogopi. Risasi haziogopi pia. Amezaliwa wakati wa risasi, na hicho ndicho kitu pekee ambacho sikuhitaji kumfundisha. Bado kinywa: abebe bila kuuma.

Baba amerudia masharti yake juu ya chai isiyo na sukari. Baba ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Mikelenge, mtaa wa Kindu, na hajawahi kula nyama bila kujua ilikufaje. Mbwa atumwe kwa Bismillahi. Asile, hata unyoya. Na ndege afike mkononi mwangu akiwa hai, ili kisu kipite shingoni. Sharti moja likikosa, nyama hiyo ni ya mbwa, si yetu.

Hatujaonja nyama tangu treni ya Kibombo iache kuja. Askari wanaoushika mji wako ndani. Wale wa porini wako nje. Mashamba yetu yako katikati yao.

Kwa hiyo: kinywa.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya bironi. Komanda wa askari aliingia bila kubisha. Jina lake sitaliandika, hata hapa. Nilikuwa napiga chapa karatasi za ruhusa za akina mama wanaokwenda kutafuta sombe, majani ya muhogo, ng'ambo ya bariyeri, kizuizi cha askari. Alisimama nyuma yangu, akanipumulia shingoni, akaondoka. Nilipiga jina moja mara mbili.

Mimi ni mwoga. Naandika ili nisijidanganye. Walipotaka kinga, baiskeli yangu, niliwapa, na nilijaza upepo kwanza. Walipotaka redio ya Baba niliwapa, na betri juu yake. Nilisema "aksanti".

Mbwa siwapi. Hawajamtaka, sijui kwa nini naandika hivi. Lakini siwapi.

Ijumaa, 7 Juni

Nilikwenda kwa Mama Sifa baada ya sala. Ni jirani yetu, mjane wa mwindaji kutoka Pangi. Mumewe alitoka kwenda kuangalia mitego yake, akarudi mbwa peke yake. Mbwa huyo ndiye mama wa Waseme. Mama Sifa alinipa mtoto wa mbwa kwa sababu, alisema, nyumba ya mwalimu ina mabaki ya chakula. Hatuna. Alijua hatuna.

Jina pia yeye ndiye aliyempa. Jirani walianza kusema mara moja: mwalimu wa Kurani na mbwa, ajabu. Mama Sifa akasimama barabarani akamwita mbwa kwa sauti yake yote: "Waseme! Waseme, kuja hapa!" Wote wakasikia. Pangi ndivyo wanavyofanya. Ukiwa na neno kwa jirani zako, unampa mbwa alibebe.

Nilimweleza habari ya soksi. Akacheka hadi akakohoa.

"Unamufundisha na soksi, karani? Basi atakuletea miguu ya watu. Tafuta kuku muzima."

"Mama, kuku tuko naye mumoja tu."

"Mumoja anatosha. Mutu haanzi na wawili."

Akanionyesha. Unaweka kidole chako juu ya mdomo wa chini wa mbwa, unausukuma juu ya jino lake mwenyewe. Akibana kuku, anajiuma. Akilegeza, maumivu yanaisha. Hakuna fimbo. Hakuna kelele. Alinifanyia mimi kwanza, juu ya mdomo wangu mwenyewe, ili nijue. Bado unauma.

Jumamosi, 8 Juni

Mama alikataa. Kisha akalia. Kisha akaniletea kuku mwenyewe, amefungwa mabawa kwa kipande cha kitenge, akaenda kukaa kwa jirani asione.

Kuku hai. Manyoya matano tu chini. Waseme amevimba mdomo. Mimi pia.

Jumatatu, 10 Juni

Amembeba kuku kutoka kwenye choo hadi mkononi mwangu kama mtu anayebeba sahani iliyojaa mchuzi. Kuku alitulia. Nadhani amezoea kuliko sisi sote.

Nilitamani kumwambia mtu bironi. Sikumwambia mtu. Nimepiga karatasi siku nzima bila kosa hata moja.

Alhamisi, 13 Juni

Aibu. Lakini nacheka ninapoandika.

Kila nikimtuma nasema Bismillahi, kama Baba alivyotaka. Sasa Waseme anaamini neno hilo ni lake. Leo mchana Baba alikaa mbele ya bugali, akasema Bismillahi, na Waseme akaruka juu ya ukuta. Akarudi na kiatu cha jirani. Kisha bibi wa upande wa pili akaanza kutwanga, naye akasema Bismillahi. Waseme akaruka tena. Akarudi na kuku wa watu, hai, hana jeraha. Kisha muadhini akapita njiani, akajikwaa jiwe, akalitaja jina la Mungu kwa sauti.

Kofia yake tumemrudishia. Imeoshwa mara saba na kusuguliwa udongo, kama sheria ya mate ya mbwa inavyotaka, Baba alisimamia mwenyewe.

Mtaa huu mtu hafungui mlango bila neno hilo. Hanywi maji bila hilo. Nimemfundisha mbwa amri ambayo kila mtu anaitoa kutwa nzima. Msomi wa Mikelenge.

Baba hakukasirika. Alisema tu kwamba mnyama ameshika dini kuliko wanafunzi wake.

Ijumaa, 14 Juni

Mama Sifa amefungua sanduku la marehemu. Akatoa kengele ya mti, kubwa kama ngumi mbili, ndimi zake mbili za mfupa. Mbwa wa kwetu hawabweki. Wanalia tu kidogo, kama mtu anayejifunza kuimba. Ndiyo maana mwindaji anawavalisha kengele, ili ajue wako wapi majanini. Njiani unaiziba kwa majani ili isilie. Ukifika unayatoa.

Alisema: mbwa ana kazi na ana mapumziko. Kengele shingoni, kazi. Bila kengele, hata malaika akimtuma asiende. Mfundishe hivyo, neno na kengele pamoja, majirani watapata amani.

Aliishika muda mrefu kabla ya kunipa. Aliipangusa kwa kitenge mahali palipokuwa safi tayari. Nikasema nitaitunza. Akasema kitu kinachotunzwa sandukuni kimekufa, nenda.

Jumatano, 19 Juni

Kengele shingoni, Bismillahi: anakwenda. Bila kengele, Bismillahi: anakaa. Tumejaribu asubuhi na jioni. Leo Baba amekula bugali yake yote na Waseme hakuinua hata kichwa. Alitazama tu mkono wangu, kama anauliza kengele iko wapi.

Ni mwanafunzi bora kuliko nilivyokuwa mimi. Mimi nilijifunza kwa fimbo, na hadi leo nikisikia viatu nyuma yangu nakunja shingo.

Jumamosi, 22 Juni

KWALE. Wawili.

Nilikwenda na manati kwenye mashamba ya mpunga yaliyoachwa, kandokando ya reli, mahali pa mwisho ambapo karatasi ya ruhusa inafika. Karatasi nilijipigia mwenyewe na mkubwa wangu akaitia muhuri bila kusoma. Nilitoa majani kwenye kengele. Ilianza kulia, na mtu yeyote angeweza kuisikia, wa ndani au wa nje. Nilitaka kurudi nyumbani. Miguu ilikuwa imeshageuka.

Kisha kwale akaruka.

Mkono wangu unatetemeka kwenye mashine ya kuandikia. Kwenye manati hautetemeki. Sijui kwa nini. Nilimpiga bawa, akaangukia majani marefu. Bismillahi. Kengele ikaingia majanini, ikalia kushoto, ikalia mbali, ikanyamaza. Nilihesabu pumzi zangu. Ikalia tena, ikija. Waseme akatoka na kwale kinywani, macho ya kwale wazi kabisa, amekasirika.

Nilimchinja hapohapo. Mikono imara.

Baba alimkagua kwa miwani yake, shingo, mabawa, ngozi. Hakuna alama ya jino. Akasema, "Tule." Mama akageukia ukuta.

Nilisahau: njiani kurudi, kwenye bariyeri, askari mmoja alimwona Waseme amebeba yule wa pili, aliyekwisha kuchinjwa. Aliuliza kama mbwa huyu hali ndege anaowabeba. Nikasema hali. Nikajivuna. Mjinga mimi.

Jumanne, 25 Juni

Imefika. Nilijua itafika.

Komanda alikuja bironi, safari hii akakaa juu ya meza yangu, kando ya mashine. Mkubwa wangu akatoka nje kukojoa. Hakurudi hadi mambo yakaisha.

"Karani. Nasikia uko na imbwa inaleta ndege bila kula. Njo kweli?"

"Njo vile, Komanda."

"Tarehe makumi tatu niko na wageni. Wakubwa, wanashuka ku uwanja wa ndege. Tutaenda kupiga bata ku mutoni. Ile imbwa itafanya kazi mbele yao. Kisha itabakia kwangu. Uko na maneno?"

Nilikuwa na maneno. Nimesoma hadi diploma ya serikali, nina maneno mengi. Nikasema, "Hapana, Komanda."

Akanipiga bega kwa upole. Upole wake ulinitisha zaidi.

Kisha nikamaliza karatasi za akina mama.

Mbwa siwapi.

Jumatano, 26 Juni

Mama anasema: mpe. Mbwa ni mbwa. Mtoto wa tumbo langu ni mmoja.

Mama Sifa anasema kuna watu wanaondoka kwenda Pangi kwa miguu, wanaweza kumpeleka kwa shemeji zake. Nimefikiri mchana kutwa. Njia ya Pangi watu wanaliwa na njia. Na Komanda akifika hapa akakuta mbwa hayupo, ataangalia nani yupo.

Baba aliendelea kuwafundisha watoto herufi. Lakini alimpa Waseme ukoko wa bugali kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kuosha mkono, mara saba.

Ijumaa, 28 Juni

Askari wawili walipita nyumbani "kumwangalia". Mmoja alitaka kumshika. Waseme alikaa nyuma ya miguu yangu. Waliuliza anakula nini. Nikasema anachokula mwenye nyumba. Wakaangalia sufuria yetu wakacheka.

Nimefikiri kumharibu. Kumrudishia meno magumu. Soksi mbili tatu zingetosha. Nilichukua soksi, nikaiangalia, nikairudisha sandukuni. Kazi hii ndiyo kitu pekee nilichokifanya vizuri tangu mji ufungwe. Siwezi kuiharibu kwa mkono wangu kwa sababu ya mtu mwenye bunduki.

Jumamosi, 29 Juni

Sina hila. Nimeamua hivi: nitakwenda naye, kwa sababu nisipokwenda watakuja. Nitamvalisha kengele, kwa sababu wameagiza aje na vitu vyake vyote. Lakini kamba yake sitaiweka mkononi mwa mtu. Waichukue wenyewe. Kupokonywa na kutoa si kitu kimoja. Kinga niliitoa. Redio niliitoa.

Huyu watampokonya, na nitawaangalia usoni.

Nimeandika vizuri. Kesho magoti yatasema mengine.

Jumapili, 30 Juni

Nguo zangu bado zinachuruzika kwenye kamba. Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Mto umeshuka, mchanga umetoka nje, bata wako wengi. Komanda alikuja na gari, wageni watatu wenye miwani nyeusi, viti, bia, na mlinzi wake mrefu. Kulikuwa pia na Saidi, mvuvi wa mtaa wetu, wamemlazimisha aje na mtumbwi wake kwa ajili ya kubeba bata.

Mlinzi mrefu alimwangalia Waseme, akaona kengele. Akarudi nyuma.

"Hii ni dawa ya wenyeji! Watatuloga na hii!"

Akaikata kamba ya kengele kwa kisu. Akaitupa kengele topeni. Ilianguka karibu na kiatu changu cha kushoto. Majani yake bado yako ndani, haikulia.

Nilifungua mdomo nimweleze. Ndivyo nilivyo, naeleza watu, ni kazi yangu. Kisha nikaufunga.

Komanda akapiga. Anapiga vizuri. Bata mmoja akavunjika bawa, akaanguka majini, akaanza kuzunguka. Wageni wakapiga makofi.

"Tuma!"

Nilisema, "Kamata." Neno ambalo Waseme hajawahi kulisikia kutoka kwangu. Akanitazama.

Komanda akasema kamata. Mlinzi akasema kamata. Wakasema kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa Kifaransa. Mlinzi akatupa jiwe majini. Waseme alikaa, mkia juu ya mchanga, mpole, anautazama mkono wangu. Mgeni mmoja akaanza kucheka. Wa pili akamuuliza Komanda kama mbwa naye anangojea mshahara.

Hapo Saidi akaona afadhali amfuate bata yeye. Akaegemea mtumbwi, akausukuma, na kama kila mtu wa mtaa wetu anayesukuma kitu, akasema kwa sauti: "Bismillahi!"

Masikio ya Waseme yalisimama. Aliinuka nusu.

Akageuza shingo yake, ile shingo tupu. Akautazama mkono wangu. Akakaa.

Mtumbwi ukakwama mchangani. Komanda akaja karibu nami. Sasa hakuwa mpole.

"Inakosa nini, karani?"

Kengele ilikuwa hapo, hatua moja. Nilijua ningeinama tu, ningeivua majani, ningemvalisha, na mbwa bora wa Kindu angefanya kazi mbele ya wakubwa, na Komanda angefurahi, na mimi ningeishi. Nilisogeza mguu. Nikaweka kiatu juu ya kengele. Nikakanyaga hadi tope likaifunika.

"Haikosi kitu, Komanda. Akili tu."

Uongo mbele ya mtu mwenye bastola. Mimi.

Akasema basi haina kazi. Akaitoa bastola, akamwelekezea Waseme, ambaye alidhani ni kitu cha kunusa.

Sikufikiri. Afadhali niandike ukweli: sikuwa shujaa, sikufikiri. Nilikimbia majini na suruali ya biro na shati jeupe. Nyuma yangu mtu akapiga kelele. Maji yalifika kifuani, kisha miguu haikugusa. Naogelea vibaya. Mto huu una mamba, kila mtu anajua. Nilimfikia bata, akanipiga usoni kwa bawa zima, nikamkumbatia, nikameza maji, nikarudi kwa nguvu za Mungu mwenyewe. Waseme hakunifuata. Hakutumwa.

Nikatoka. Nikateleza mbele ya Komanda, nikaanguka kwa magoti, na bata mikononi, hai, hana hata unyoya uliokatika.

Mgeni mnene akapasuka kwa kicheko.

"Hii njo imbwa ya kweli! Komanda, imbwa yako njo karani!"

Wote wakacheka. Mmoja alishika kiti asianguke. Komanda alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka, ilibidi, wageni walikuwa wanamwangalia. Bastola ikashuka.

"Bweka basi!" mlinzi akanipigia kelele. "Karani, bweka!"

Sijui lilitoka wapi. Nilikuwa bado kwenye magoti, pua inatoa maji. Nikasema:

"Imbwa ya Maniema haibweki, Shefu."

Mgeni mnene akaanguka kweli. Komanda akafuta macho. Akamchukua bata kutoka mikononi mwangu, akamtupia Saidi amchinje, akanisukuma kwa buti, si kwa nguvu.

"Peleka takataka yako nyumbani. Imbwa mbili za bure."

Nilishika kamba. Haikuwahi kuingia mkononi mwa mtu mwingine. Tulitembea hadi barabarani. Nilipofika nyuma ya ukuta wa kwanza nikakaa chini, na Waseme akanilamba uso wote, na sikuwa na udongo wala nguvu ya kuosha chochote.

Jumatatu, 1 Julai

Habari imefika kabla yangu. Askari wa mlangoni bironi wamebweka. Mkubwa wangu, aliyekwenda kukojoa siku ile, ameuliza kwa heshima kama nimeoga. Hata mama mmoja wa sombe alificha kicheko kwenye kitenge nilipompa karatasi yake.

Inauma. Sitasema haiumi. Nilisoma ili nisiitwe hivyo.

Lakini nimepiga karatasi zote na kidole hakikutetemeka.

Jumanne, 2 Julai

Nilimwambia Baba yote. Nilimwambia habari ya uongo pia, kwa sababu uongo kwake ni uongo. Akauliza kwanza, bata alikuwa hai nilipotoka majini? Nikasema hai. Akauliza, nilitaja jina la Mungu nilipoingia?

Nikakumbuka. Nilitaja. Kwa sauti kubwa, nikikimbia.

"Basi wamekula halali," Baba akasema, "na hawajui ni kwa nini." Akarudi kwa watoto wake na herufi zao.

Alhamisi, 4 Julai

Asubuhi nilikwenda mtoni na karatasi ya ruhusa mfukoni. Nilichimba tope kwa mikono. Mchanga, chupa, kizibo, kopo. Nilianza kuogopa kwamba mto umeichukua, na nikafikiri nitamwambia nini Mama Sifa. Kisha kidole kikagusa mti.

Imepasuka ufa upande mmoja, kwa kisigino changu. Nilimpelekea nikiwa nimeinamisha kichwa. Aliigeuza, akaipiga kwa ukucha, akasikiliza.

"Sauti imekuwa nene," akasema. "Kama mutu mukubwa." Akaufunga ufa kwa ngozi na ulimbo, akanirudishia. "Na weye, karani, nasikia siku hizi uko na jina ya mupya."

"Waseme, Mama."

Akacheka hadi akakohoa.

Jumapili, 14 Julai

Asubuhi tulivu. Risasi mbali tu, upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto.

Tulipita bariyeri. Yule askari akabweka, kama kila siku. Nikampa karatasi, akaisoma juu chini, akabweka tena. Nikamwambia siku njema. Hakuna mtu anayemtaka Waseme sasa. Mji mzima unajua kwamba ni mbwa asiye na akili wa karani asiye na aibu. Anatembea barabarani katikati yao, kichwa juu, na hakuna hata mmoja anayeinama kumwangalia.

Mchangani hapakuwa na mtu. Bata wachache, mbali kidogo, kando ya matete. Nilingoja muda mrefu. Jiwe moja. Mmoja akaanguka ndani ya matete, bawa moja likipiga maji.

Nilimvalisha kengele. Nikatoa majani, jani kwa jani, nikayaweka mfukoni kwa ajili ya kurudi. Waseme alitetemeka chini ya mkono wangu, kwa hamu tu. Nikasema neno, polepole, la kwangu na lake.

Akaingia. Simwoni. Namsikia. Kengele inakwenda upande wa kulia, inakwenda mbali, sauti nene.

Ikanyamaza.

Nilikaa mchangani na kisu juu ya goti. Mto ulipita. Sikuhesabu pumzi.

Kisha ikaanza tena, ikija.